Kiraka Nilichomficha Abdirashid

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo huijia kumbukumbu yangu kila ninapomwona mtu mwerevu akifunika laptopu kwa kiganja ili aliyeketi kando asione. Siku hiyo nilishinda mbele ya watu, nikapigiwa makofi, nikarudi nyumbani nimenyoosha shingo kama ngamia aliyenusa maji. Na kabla wali wa mchana haujashuka tumboni, mwanamke asiyejua kusoma hata kibao cha duka alikuwa amenivua ushindi wote kwa swali moja.

Najua hupendi niseme mwanangu. Nina miaka thelathini na miwili tu, na wewe una ndevu zinazoanza kunitisha. Lakini vumilia. Mvi sina, makosa ninayo, na makosa ndiyo yanayozeesha.

Juzi uliniuliza, uso umeukunja, kwa nini mgeni katika kundi letu hapa Garissa haruhusiwi kuanza na chombo chake mwenyewe. Kwa nini kazi yake ya kwanza ni kurekebisha kitu kidogo ndani ya chombo cha wote, kisha kukirudisha mahali ambapo kila mtu atakiona. "Nani alisema?" ukauliza. Nilicheka, ukadhani nakudharau. Sikukudharau. Ndilo swali nililowaudhi nalo walimu wangu wote. Waliponiambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu, niliwauliza: mkuu akikosea, guu la nani litavunjika? Mpaka leo sijapata jibu, na mpaka leo nadhani swali ni zuri. Endelea kuuliza. Lakini hili moja nitakujibu, na nitakujibu kwa kirefu, kwa sababu jibu fupi ungelipinga.

Kwanza tukubaliane tunazungumzia nini. Mtu anayeandika programu huandika ndani ya kihariri. Nyuma ya kihariri, pale asipoona, kuna programu nyingine inayosoma kila herufi anayoiweka. Ndiyo inayopiga mstari mwekundu chini ya kosa, inayompendekezea neno kabla hajalimaliza, inayombadilishia jina kila mahali lilipotumika kwa kubonyeza mara moja. Tunaiita seva ya lugha. Kila lugha ya kompyuta, hata iwe ndogo kiasi gani, inahitaji yake. Lugha kubwa za dunia zina watu wa kuzihudumia. Hizi zetu ndogo, wewe unazijua: ile ya kuandikia madodoso yanayobebwa kwenye simu na wakusanyaji wa takwimu, ile ya kupangia zamu za mitambo ya visima. Hizo nani atazihudumia kama si sisi?

Sasa sikiliza siri ambayo si siri. Ukitengeneza seva ya lugha, kazi nyingi hazihusu lugha yenyewe kabisa. Kupokea ujumbe wa kihariri, kuujibu kwa adabu, kunyamaza ukiambiwa unyamaze, kukumbuka faili lilivyo baada ya kila badiliko, kuhesabu mistari na nafasi. Hayo ni yaleyale kwa lugha zote. Siri ya mtungi aijuaye kata, na sisi tuliochota humo tunajua kwamba mtu anaweza kumaliza mwaka akijenga hayo tu, asiguse lugha aliyokusudia kuihudumia.

Abdirashid ndiye aliyelitambua hilo kwanza. Tulisoma naye chuo kikuu huko Nairobi, yeye wa Wajir, mimi wa Garissa. Alikuwa mtu wa kimya, anayekula polepole na kuandika msimbo polepole, na msimbo wake haukuanguka. Tulipomaliza, wengine tukiwa bado tunatafuta mashati ya kwendea mahojiano, yeye alirudi kwao akakaa chumba cha nyuma cha duka la babake, akajenga kifurushi cha hayo mambo ya pamoja. Akakiita Heeryo. Unajua heeryo ni nini: ile mikeka na miti anayofungwa ngamia mgongoni kabla ya kupakiwa. Ubebe maji, ubebe nyumba, ubebe mgonjwa, heeryo ni ileile. Akaiweka wazi kwa yeyote kuitumia, na juu yake akaandika maneno machache: chukua, jenga, na ukirekebisha kitu, kirudishe.

Nilichukua. Nikajenga juu yake seva ya lugha ya madodoso, kwa sababu shirika moja lilikuwa limetangaza kwamba linatafuta chombo cha kuwasaidia vijana wanaoandaa madodoso yake katika kaunti zetu tatu. Abdirashid naye alijenga ya kwake kwa lugha hiyohiyo. Tulikuwa washindani, lakini ushindani wa watu wanaopigiana simu na kutaniana.

Miezi miwili kabla ya siku ya kuonyesha vyombo, niligundua kosa ndani ya Heeryo. Madodoso niliyokuwa nayajaribu yalitoka Dadaab, na walimu wa madrasa wa huko walikuwa wameomba baadhi ya majibu yaandikwe pia kwa herufi za Kiarabu. Kila mstari wenye Kiarabu, seva yangu ilichanganyikiwa. Nikiiambia ibadilishe jina, ilikuwa inakata herufi za jirani na kuacha zilizotakiwa kukatwa, kama kinyozi mwenye usingizi. Siku tatu nilihangaika. Mwisho nikaona: kihariri kinahesabu herufi kwa kipimo chake, Heeryo inahesabu baiti, vile vipande vidogo ambavyo kompyuta huhifadhia herufi. Kwa herufi za Kisomali na za Kiswahili vipimo hivyo vinalingana. Kwa Kiarabu, herufi moja ni baiti mbili, na mstari mzima unasogea.

Nikaandika kiraka. Mistari kumi na kitu, si zaidi. Nikakijaribu, kikafanya kazi, nikapiga meza kwa furaha hadi kikombe kikaanguka.

Halafu sikukituma.

Sikukaa nikapanga ubaya, mwanangu. Ubaya mwingi haupangwi. Nilijiambia nitakituma kesho, nikikisafisha. Kesho yake nikajiambia nitakituma baada ya maonyesho, kwa nini nimsumbue mtu akiwa katikati ya kazi. Na chini ya maneno hayo yote mazuri kulikuwa na sauti nyingine, ndogo na safi kabisa, ikisema: yeye anajaribu madodoso ya Hadado na Tarbaj, huko kwao Wajir, hayana Kiarabu, hajui. Nilikuwa na elimu ya kutosha kuijua sauti hiyo, na nilikuwa na elimu ya kutosha kuitafutia hoja.

Siku ya maonyesho tulikuwa katika ukumbi mmoja karibu na daraja, feni zinazunguka bila kuleta upepo. Waamuzi walikuja na dodoso lao wenyewe, na lilikuwa na Kiarabu. Abdirashid alitangulia. Akaonyesha mstari mwekundu, ukatokea mahali pake. Akaonyesha mapendekezo, watu wakatikisa vichwa kwa kupendezwa. Kisha akabonyeza kubadilisha jina, na pale ukutani ilipoangazwa kazi yake, mbele ya watu wote, dodoso likaliwa. Mabano yakapotea, majibu yakaungana, ukurasa mzima ukawa mwekundu. Akarudia. Likaliwa tena. Mwamuzi mmoja akauliza kwa upole, na upole ndio uliouma, "Hiki ndicho cha kutusaidia?" Mtu nyuma akacheka.

Nilikuwa nimekaa safu ya pili. Nilijua mstari gani ndani ya faili gani unafanya hivyo. Niliangalia viatu vyangu.

Zamu yangu ilipofika nilifungua dodoso lilelile, nikabonyeza, na kila jina likabadilika kama lilivyotakiwa. Makofi. Kazi wakanipa mimi.

Wakati huo nilikuwa naishi kwa Eeddo Halima, dada ya babangu, anayeuza maziwa ya ngamia sokoni. Kwetu shangazi humwita mtoto wa kakake kwa jina lilelile analoitwa yeye, kwa hiyo yeye kwangu ni eeddo na mimi kwake ni eeddo, na ukitusikia tunagombana nyuma ya ukuta huwezi kujua nani anamkaripia nani. Nilimwalika Abdirashid kwa chakula, kwa sababu mgeni wa Wajir hawezi kuachwa ale hotelini huku nina shangazi mjini. Akaja. Eeddo akamwekea wali na nyama ya mbuzi na ndizi, akakaa nasi kwenye mkeka.

"Hongera, walaal, dada yangu," Abdirashid aliniambia. "Umenichinja mbele ya watu, lakini wallahi umenichinja kwa bismillahi."

"Ni bahati tu," nikasema.

"Bahati gani? Wote wawili tumejenga juu ya Heeryo. Mimi nikibonyeza inakula mistari. Wewe ukibonyeza inatii kama mtoto wa madrasa aliyeona fimbo. Ulifanyaje?"

Nilimmiminia chai. Nilimimina polepole sana. "Labda ni laptopu yako," nikasema.

Kama unataka kujua mtu mwoga anafananaje, mwanangu, ni mimi siku ile nikiwa nimeshika birika. Labda ni laptopu yako.

Alifikiri. Alikuwa mtu wa kuamini. Kisha akasema, bila uchungu, kama anayetangaza bei ya sukari, "Basi kama Heeryo haifanyi kazi hata kwenye laptopu ya aliyeijenga, nikifika Wajir naifunga. Kitu kinachokula kazi za watu hakifai kuachwa wazi. Yule kijana wa Mandera aliyeanza kuitumia nitamwambia atafute kingine. Mimi binamu yangu ana duka la simu, ananisubiri tangu zamani." Akasimama, akasema anakwenda kuulizia nafasi kwenye gari linaloondoka alasiri, ataurudia mfuko wake.

Alipotoka, Eeddo hakuondoa sahani. Alinitazama.

"Naa Hodan," akasema, maana akinikasirikia huacha eeddo na kuniita jina langu, "huyu mvulana amekukopesha nini?"

"Hakuna, Eeddo."

"Mimi nauza maziwa. Mtu aliyetia maji namjua kwa jinsi anavyoshika dumu, kabla sijaonja. Wewe umeshika birika namna hiyo. Amekukopesha nini?"

Nikamweleza. Ningependa kukuambia nilimweleza kwa kujuta, lakini nilimweleza kwa ukali, kama mtu anayemfundisha mjinga, nikitumaini atachoka. Hakuchoka. Kila neno asilolijua aliliruka, akabaki na mifupa ya habari. Mwishoni akasema, "Kumbe ni ngamia wa maziwa."

Hapa nisimame kidogo, maana wewe umekulia mjini. Kwa wafugaji wetu, mtu aliyepungukiwa humwendea mwenye ngamia, naye humpa ngamia anayekamuliwa, aende naye. Hakuna malipo. Maziwa ni yako, kunywa wewe na watoto wako. Lakini ngamia si wako, na akizaa mikononi mwako, ndama si wako. Siku ya kumrudisha unamrudisha na ndama wake. Mtu anayemrudisha mama na kuficha ndama hafikishwi polisi. Hapelekwi popote. Ila hakuna atakayemkopesha tena, wala watoto wake, na wazee wakimtaja hunyamaza kidogo kabla ya jina lake.

"Ulikunywa?" Eeddo akauliza.

"Nilikunywa."

"Akazaa mikononi mwako?"

"Nilirekebisha kosa moja tu, Eeddo, si..."

"Amezaa. Ndama yuko wapi?"

Sasa utaniona nilivyokuwa. Nilikuwa na jibu! Nikamwambia, "Eeddo, hii si mifugo. Ngamia akiwa kwangu hayuko kwake. Programu ukiinakili, ya mwenyewe inabaki palepale. Sijamnyima chochote. Ngamia wake bado anaye." Nilijisikia vizuri. Hoja ilikuwa imenyooka, ungeweza kuiandika katika karatasi ya mtihani.

Eeddo akaanza kukusanya sahani. "Anaye," akasema. "Mbona basi anakwenda kumchinja?"

Nikainama kuokota punje za wali mkekani.

Akaongeza akiwa mlangoni, bila kugeuka, "Na huyo ndama wako unamlea peke yako, mbali na mama yake. Haya. Utaniambia atakavyokua."

Kwetu husema kidole kimoja hakioshi uso. Nilikuwa nimeusikia msemo huo tangu utotoni na kuuona ni wa kuwafariji wavivu. Mchana ule, nikiwa nimekaa peke yangu na makombo ya wali, niliona kwamba sikuwahi kuuliza swali langu maarufu mahali lilipostahili. Niliuliza nani alisema kuhusu kila sheria ya wakubwa. Sikuwahi kuiuliza ile sauti ndogo ndani yangu, nani alisema?

Abdirashid alirudi kuchukua mfuko. Nikafungua laptopu, nikaigeuza upande wake, nikamwonyesha ile mistari kumi na kitu. Alisoma mara moja. Akasoma tena. Alielewa haraka kuliko nilivyotaka.

"Lini?"

"Miezi miwili iliyopita."

"Miezi miwili," akasema. Hakupaza sauti. "Na pale ukumbini ulikuwa umekaa unaniangalia."

"Niliangalia viatu vyangu."

"Haya," akasema, "angalau viatu vilipata kitu." Akachukua mfuko, akamuaga Eeddo kwa heshima zote, akaondoka. Chai niliyommiminia ilibaki palepale, imejaa. Usidhani, mwanangu, kwamba ukisema kweli utakumbatiwa. Wakati mwingine unasema kweli na mtu anapanda gari.

Siku ileile nilikituma kiraka mahali pa wazi, na chini yake nikaandika nilikuwa nacho tangu lini. Kesho yake nilikwenda kwa wale waamuzi nikawaeleza. Mkubwa wao, mama mmoja wa makamo, alinisikiliza hadi mwisho. Akauliza, "Kwa hiyo yeye chombo chake hakikuwa na kosa, kosa lilikuwa chini, na wewe ulikuwa na dawa?" Nikasema ndiyo. Akasema basi wataviangalia vyombo vyote viwili upya, baada ya mwezi mmoja, kwa dodoso jipya.

Nilirudi nyumbani bila kazi iliyokuwa yangu jana. Na Abdirashid kimya. Wiki ya kwanza kimya. Kila asubuhi nilifungua kuona kama Heeryo bado ipo au imeshafungwa. Ilikuwepo, kiraka changu kimening'inia juu yake bila kukubaliwa wala kukataliwa. Nilijiona kama mtu anayepiga hodi, anasikia watu ndani, hakuna anayesema karibu.

Siku ya kumi na moja akajibu. Hakuna salamu. Aliandika, "Kiraka chako ni nusu. Jaribu hii." Na chini akaweka mstari mmoja wa dodoso la watoto wa shule. Kwa kuwa watoto wadogo hawajui kusoma, majibu yao yalikuwa ni vile vikaragosi vya sura: anayecheka, asiyecheka wala kununa, anayelia.

Nikauweka katika seva yangu, ile iliyopigiwa makofi. Nikabonyeza kubadilisha jina.

Ikaula mstari.

Nilihisi joto la Garissa likiniingia masikioni. Mimi nilikuwa nimehesabu kila herufi kuwa moja. Kihariri huhesabu vikaragosi vile kuwa viwili viwili. Kiraka changu kilitosha kwa Kiarabu na hakikutosha kwa sura ya mtoto anayelia. Na shirika lile lilikuwa na madodoso ya watoto tele! Kama ningebaki na ushindi wangu, ningesambaza chombo hicho kaunti tatu, na kingeanza kula kazi za watu katika kila shule, na hakuna ambaye angejua kwa nini, kwa sababu msimbo ulikuwa umefungiwa kwangu. Miezi miwili nilikuwa nimelea ndama kilema nikimsifu kwa mbio zake.

Mficha uchi hazai. Huo nao niliwahi kuupinga, nadhani katika insha. Siupingi tena.

Nilimjibu Abdirashid kwamba nimeona. Akaniandikia jinsi ya kuhesabu. Nikaandika, akakosoa. Nikaandika upya, akakosoa tena, bila huruma na bila dharau. Yeye Wajir, mimi Garissa, wiki nzima. Kiraka kilichoingia mwishowe hakikuwa changu wala chake, na kilikuwa kizuri kuliko kile ambacho yeyote kati yetu angekiandika akiwa peke yake. Tukaandaa pia dodoso moja la majaribio lenye kila balaa tuliyoijua: Kisomali, Kiarabu, Kiswahili, vikaragosi, mistari mitupu. Dodoso hilo wewe umeliona. Ndilo linalokukatalia kazi yako kila Jumatatu, na unalitukana nikisikia.

Waamuzi walipoviangalia vyombo mara ya pili, vyote viwili vilipita. Hakuna kilichokula mstari. Wakachukua cha Abdirashid, kwa kuwa kilikuwa chepesi kwenye mashine zao kuukuu.

Umeinua macho. Ulitaka kusikia nilipewa mimi. Hapana, nilishindwa, na nikupe kweli tupu: nilipotoka ukumbini nilikuwa na fahari ambayo sikuwa nayo siku ya makofi. Siku ya makofi nilikuwa na ushindi wa kulinda. Siku hii nilikuwa na kitu kinachotembea bila mimi. Abdirashid alinipita mlangoni akasimama. "Njoo Wajir," akasema. "Kijana wa Mandera naye anakuja. Heeryo ina makosa mengi, sitayamaliza peke yangu." Ndivyo kundi letu lilivyoanza. Na chai yangu siku hizi huinywa, ingawa kwanza huinusa, makusudi, watu wakiwepo, ili nione haya.

Leo Heeryo imebeba mizigo ambayo hatukuiwaza. Inabeba lugha ya madodoso. Inabeba lugha ya zamu za visima. Kijana wa Mandera amejenga juu yake seva ya lugha ndogo ya kufundishia watoto kuhesabu kwa Kisomali, na ukikosea inakuambia kosa lako kwa Kisomali, si kwa lugha ya mtu mwingine. Msichana mmoja wa kambi ya Dadaab, ambaye hatujawahi kukutana naye, alitutumia kiraka cha kuifanya Heeryo isichoke faili likiwa refu. Tulikisoma watu wanne tukitafuta kosa, hatukuliona. Yuko kambini, mtandao wake unakuja na kwenda, na kazi yake inafanya kazi Nairobi. Siwezi kukueleza nilivyoketi wima siku hiyo, kana kwamba ni mimi niliyemzaa.

Na mwaka huu nilikuwa Wajir, katika duka moja la kuchapisha karatasi, nikisubiri zamu. Kijana wa dukani alikuwa anaandika dodoso la chanjo ya mbuzi. Akaniona natazama, akafurahi kupata mtu wa kumtambia. "Dada, hiki hukijui," akaniambia. "Kinajua kosa kabla sijamaliza kulifanya. Ona. Weka Kiarabu, weka sura, weka unachotaka, hakichanganyikiwi." Akanieleza kinavyofanya kazi, nusu saa, na robo ya maelezo ilikuwa si kweli. Sikumsahihisha. Sikumwambia mimi ni nani. Niliuliza maswali kama mjinga ili aendelee. Ni starehe gani hiyo, mwanangu, kusikia kazi yako ikisifiwa na mtu asiyejua kwamba anakusifu!

Basi hili ndilo jibu la swali lako. Hatumzuii mgeni kujenga chake. Jenga. Lakini kwanza rudisha kitu, hata kiwe kidogo kama alama ya mkato, ili mkono wako uzoee kufunguka ungali mtupu. Mkono uliojaa ni mgumu kuufungua, mimi najua. Ukichukua cha wote, kunywa maziwa bila aibu, ndiyo maana yakawekwa. Ukipata dawa ya kosa, itume siku ileile, ingali chafu, kabla ile sauti ndogo haijapata muda wa kuvaa kanzu. Usiogope watakayoikosoa. Waache waikosoe, kwa sababu wakiikosoa wao, haitakuaibisha mbele ya mtoto wa shule. Ukimwona mwenzako anaaibika kwa kosa ambalo dawa yake unayo, simama, hata ukumbi umejaa, hata zamu yako ndiyo inayofuata. Na ukishachelewa kama nilivyochelewa mimi, sema, na usidai kusamehewa kwa wakati unaoutaka wewe.

Endelea kuuliza nani alisema. Ila anza na nafsi yako, maana hiyo ndiyo inayosema mara nyingi kuliko wazee wote.

Mwenyezi Mungu akupe akili inayotafuta na moyo usiobana. Akupe washindani wakali wasio na kinyongo, na kazi itakayotembea miji usiyoijua ikiwafaa watu wasiojua jina lako. Akulinde na makofi yanayokuja kabla ya haki yake. Amin, mwanangu. Sasa fungua hiyo laptopu, niondolee kiganja, tuone ulichopata.